Český Krumlov na mama mwenye goti bovu: tulale huko au tupite tu tuendelee Prague?

BintiNgamiani

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo ya wale mliowahi kufika Český Krumlov, ule mji mdogo wa Czech wenye kasri juu ya jabali na mto unaouzunguka kama nyoka aliyejikunja. Bi mkubwa wangu na wadogo zangu wawili wanakuja kutoka Tanga mwisho wa mwezi wa tano, visa za Schengen zimetoka juzi alhamdulillah, na mimi nishaomba likizo siku tisa kazini. Naishi München mwaka wa sita sasa na sijawahi kumleta mama huku hata mara moja kwa hiyo nataka safari atakayoisimulia nyumbani, siyo kumkalisha kwenye fleti anaangalia dirishani mpaka siku ya kuondoka.

Mpango ni kukodi gari hapa München, twende Passau, tuingie Czech, tufike Krumlov, halafu Prague siku tatu, turudi kwa njia ya Plzeň na Regensburg. Sasa kwenye Krumlov ndiyo nakwama. Mwenzangu kazini anasema masaa matatu yanatosha kabisa, unapaki, unapiga picha, unakula, unaondoka zako. Lakini kila nikiangalia picha za ule mji moyo unakataa.

Yanayonisumbua ni haya. Mama ana miaka 63 na goti la kulia halijakaa sawa tangu alipoteleza kwenye ngazi, kutembea anatembea lakini taratibu, na kushuka mteremko kunamuumiza kuliko kupanda. Halafu chakula, sisi hatuli nguruwe na nasikia kule wanamtia mpaka kwenye supu. Halafu hizi stika za barabara za Czech na Austria, za kulipia kupita motawei, nisije nikapigwa faini bure, na mdogo wangu ana leseni ya Tanzania anataka kunisaidia kuendesha, inakubalika? La mwisho, ndani ya kasri kuna cha kuona au ndiyo yale yale, ukiona moja umeona yote? Natanguliza shukrani.

Mkilindini_Linz

Dada, salamu za mamako zifike kwanza, mwambie shikamoo yake. Mimi kwetu Mombasa ila niko Linz miaka kumi na mbili, na Krumlov kutoka hapa ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, kila mgeni anayenijia lazima nimpeleke. Jibu langu ni laleni. Hata kama ni usiku mmoja tu, laleni.

Sababu yenyewe ni hii. Mji ni mdogo mno, mto Vltava unapiga kitanzi pale karibu ukutane wenyewe, ndani ya kitanzi kuna mji wa zamani na uwanja wake, ukivuka daraja unaingia mtaa wa Latrán, na juu ya Latrán ndiyo kasri limekaa kwenye mwamba. Sasa mji mdogo namna hiyo kuanzia saa nne asubuhi mabasi kutoka Prague na kutoka huku kwetu Austria yanamwaga watu, vichochoro vinajaa mpaka mnapishana mabega, na hali ni hiyo mpaka kwenye saa kumi na moja jioni. Huyo mwenzako wa kazini amekuja masaa hayo hayo, lazima matatu yamtoshe. Mabasi yakishaondoka mji unakuwa mwingine kabisa, na mwisho wa mwezi wa tano saa mbili usiku bado kuna mwanga, mnakaa mezani ukingoni mwa mto mnasikia maji yanavyoteremka pale walipojenga vizuizi, na kasri linawashiwa taa kidogo kidogo.

Lakini asubuhi ndiyo yenyewe. Mara ya mwisho nililala gesti moja karibu na daraja la Lazebnický, lile la mbao lenye sanamu ya Yesu msalabani upande huu na ya Mtakatifu Yohane Nepomuk upande wa pili. Nikatoka saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ulikuwa juu ya maji tu, haukuzidi kiuno cha mtu, na ule mnara ukasimama juu ya ukungu na rangi zake za waridi na kijani kama mtu kaupaka jana, na mzee mmoja alikuwa anafagia mbele ya duka lake kwa fagio la njiti, mtaa mzima hakuna sauti nyingine ila fagio kwenye mawe. Nilikaa pale darajani nusu saa nzima. Hicho huwezi kukipata kwa masaa matatu ya mchana.

Kuhusu ndani ya kasri. Lilianza katikati ya karne ya 13, kisha likawa mikononi mwa ukoo wa Rožmberk kuanzia 1302 mpaka 1602, miaka mia tatu kamili, na nembo yao ile ya waridi lenye petali tano utaiona kila kona ya mji. Wa mwisho wao, Petr Vok, alizidiwa na madeni akamuuzia Kaizari Rudolf wa Pili. Wakaja Eggenberg mwaka 1622, wakaja Schwarzenberg mwaka 1719 na hao ndio walikaa mpaka 1947. Kwa ukubwa ni la pili Czech nzima baada ya lile la Prague. Sisi watu wa pwani tukisikia kasri tunawaza Fort Jesus, kuta za kupokea mizinga, lakini hili lilianza kama ngome likaishia kuwa nyumba ya watu wenye fedha kila kizazi kinaongeza chumba chake, ndiyo maana lina nyua tano zimefuatana moja baada ya nyingine na hizo nyua mnapita bure.

Na kama mtalipia kitu kimoja tu basi lipieni tamthiliya, yaani ule ukumbi wa maigizo. Ulijengwa upya 1765 na 1766 na mitambo yake ya mbao bado ipo, mapazia yaliyochorwa yapo, nguo za waigizaji zipo. Chini ya jukwaa ukiangalia ni kamba na kapi na magurudumu ya mbao, mimi nilipoona nikasema hili ni jahazi, wallahi ni jahazi limewekwa ndani ya nyumba, watu wanazungusha mti mmoja mkubwa na msitu unaondoka unakuja mji wa mawe kwa sekunde chache tu. Wana mpaka vifaa vya kutengeneza sauti ya radi na mvua na upepo. Kwa Ulaya ule wa Drottningholm kule Sweden ndio unaolingana nao kwa kubaki na vitu vyake vya asili. Ila wanaingiza watu wachache kwa zamu na picha hawaruhusu, na unafunguliwa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi tu, kwa hiyo tiketi kata mapema na msiende Jumatatu maana Jumatatu ndani kumefungwa.

Nesi_wa_Wien

Naomba niongee kuhusu goti maana wengi wanasahau hilo kwenye ushauri wao. Mimi ni nesi, na marehemu mama yangu nilimpeleka Krumlov mwaka mmoja kabla hajaondoka, Mungu amrehemu, yeye alikuwa na magoti yote mawili.

BintiNgamiani mdogo wangu, mji mzima ni mawe. Siyo mawe yale yaliyosawazishwa, ni mawe ya duara yamejitokeza juu, na mvua ikinyesha yanateleza vibaya sana. Mama avae raba yenye soli nene inayopinda, ndala na vile viatu vya kufunga kisigino viache kabisa nyumbani. Mkongojo mmoja ule wa kukunja nunua hapo München duka la dawa, hata kama anasema hauhitaji, kwenye kushuka atakushukuru. Unashikwa mkono wa upande wa pili wa goti linalouma, yeye ni kulia kwa hiyo mkongojo mkono wa kushoto, watu wengi wanakosea hapo.

Mnara ni ngazi 162 kwa hiyo huo mwachie wadogo zako, yeye akae uwanja wa pili chini pale kwenye benchi, hatakosa kitu. Mwanzo wa kasri kutoka Latrán ni mwinuko lakini siyo mkali, tatizo linaanza mkitaka kufika daraja la Plášťový na bustani, kule kuna kupanda kwa nguvu kidogo. Sisi tulifanya hivi, tulipanda taratibu asubuhi kabla jua halijawaka na tukapumzika kila uwanja, tukafika lile daraja, ni daraja la mawe la ghorofa na ghorofa linaunganisha kasri na ukumbi wa maigizo na bustani juu ya bonde, pale kwenye madirisha yake unaona mji wote chini, mapaa mekundu na mto umeyakumbatia. Mama yangu alisimama pale akashika ukingo kwa mikono miwili, hakusema neno muda mrefu, mwisho akaniuliza hawa watu nguo wanaanika wapi. Nikatazama kweli sikuona kamba ya nguo hata moja. Mpaka leo nikifika mahali pazuri namtafutia mama kamba ya nguo.

Kitu kingine gesti. Nyingi ni nyumba za karne na karne, hazina lifti, na ngazi zake zimejipinda na ziko wima. Ukibuki andika kabisa ujumbe kwamba unataka chumba cha chini, na usiridhike mpaka wakujibu kwa maandishi. Waulize pia habari za kushusha mizigo maana katikati ya mji magari hayaingii ovyo.

Mlimani_Budějovice

Mimi nasoma České Budějovice, kilometa 25 hivi kutoka Krumlov, mambo ya barabara niachieni.

Dada ukitoka Passau usiingie Austria kabisa. Pita barabara ya B12 ya Bavaria, Freyung, Philippsreut, unavuka mpaka kwenye Strážný upande wa Czech, halafu Volary, Horní Planá, unafuata ziwa Lipno mpaka Černá v Pošumaví unaingia Krumlov kwa barabara namba 39. Ni kama masaa mawili kutoka Passau, msitu mtupu wa Šumava na ziwa, mtasimama mnywe chai. Kwa njia hii stika ya Austria huihitaji na ya Czech bado huihitaji mpaka hapo. Ya Czech utaihitaji ukitoka Krumlov kwenda Prague maana utaingia motawei ya D3, na tena D5 ukirudi kwa Plzeň. Siku hizi siyo ya kubandika kiooni, ni ya mtandaoni, inasajiliwa kwa namba ya gari, na ya siku kumi itawatosha safari nzima. Nunua kwenye tovuti ya serikali yenyewe, edalnice, maana kuna tovuti nyingine zinafanana nayo zinakukata hela ya juu bure.

Na hapa nikwambie kilichonikuta mimi ili kisikupate. Nilikodi gari, wakanitumia namba ya gari siku mbili kabla, nikajifanya mwepesi nikanunua stika usiku huohuo. Asubuhi kufika ofisini kwao naambiwa gari lile limepata hitilafu chukua hili jingine. Stika inafuata namba ya gari haimfuati dereva, ikabidi ninunue nyingine pale pale kwenye maegesho na watu nyuma yangu wananipigia honi. Kwa hiyo nunua ukiwa na funguo mkononi, soma namba kwenye gari lenyewe siyo kwenye karatasi, na angalia herufi O na sifuri usichanganye. Halafu mwenye gari umwambie kabla ya kusaini kwamba unavuka kwenda Czech, kuna kampuni zinakataza baadhi ya nchi au zinadai nyongeza, na iandikwe kwenye mkataba.

Taa za mbele huku ni kuwasha mchana na usiku, mwendo 50 mjini, 90 nje ya mji, 130 motawei, na pombe kwa dereva ni sifuri kabisa, hata glasi moja hapana. Mdogo wako akitaka kushika usukani achukue leseni ya kimataifa huko huko nyumbani kabla hajapanda ndege na jina lake liwe kwenye mkataba wa gari, la sivyo akae pembeni akusomee ramani. Na pasipoti za wote ziwe karibu, siyo kwenye buti chini ya mabegi, pamoja na kadi yako ya ukaazi, maana Ujerumani imerudisha ukaguzi mipakani na mkirudi mnaweza kusimamishwa. Visa ya mama imetolewa na Ujerumani lakini Schengen ni Schengen, Czech anaingia bila shida.

Gari huku wanalipaki nje ya mji wa zamani, kuna P1 chini ya kasri na P3 upande wa bustani ya mji, mtalipia kwa masaa au siku. Hela ni koruna siyo euro. Euro wengine wanapokea ila kwa bei wanayojua wao. Ukitoa kwenye mashine ikikuuliza ikubadilishie kwa hesabu yake kataa, iache benki yako ndiyo ibadilishe.

Chakula sasa. Nguruwe ni vepřové, neno hilo lishike. Msikimbilie svíčková eti kwa kuwa tu ni nyama ya ng'ombe, mapishi yake ya zamani ile nyama wanaichomeka vipande vya mafuta ya nguruwe kabla ya kuoka, kwa hiyo uliza. Samaki ndiyo salama yenu, pstruh ni samaki wa mtoni wanamchoma mzima na siagi na viazi, mama wa Tanga hatalalamika. Kuna jibini ya kukaanga, smažený sýr, wadogo zako wataipenda. Na knedlíky ni kama mkate uliochemshwa ukakatwa vipande, wao wanachovya kwenye mchuzi jinsi sisi tunavyochovya mkate wa kumimina, onjeni lakini zile zenye vipande vya nyama ndani uliza kwanza.

Pita_Njia

Mimi natofautiana kidogo na wakuu. Nilifika mwezi wa saba, jua kali, watu kama Kariakoo sikukuu ya Idi, maegesho nilizunguka dakika arobaini, watoto wanalia, kasri foleni. Nililala na sikuona ule utulivu mnaousema kwa sababu vijana wa mitumbwi walikuwa wanaimba mtoni mpaka usiku. Kama ni kasri nendeni Hluboká, ni kilometa chache tu kaskazini ya České Budějovice, jeupe lote limejengwa kwa mfano wa Windsor ya Uingereza, maegesho yapo, na tambarare ya kutosha kuzunguka nje.

Mkilindini_Linz

Pita_Njia uliyoyaona ni kweli na usidhani nakupinga, mwezi wa saba na wa nane Vltava yote inajaa watu wa mitumbwi ya mpira, wanaanzia Vyšší Brod huko juu wanashuka siku mbili tatu mpaka Krumlov, hiyo ni likizo ya Wacheki wenyewe tangu zamani na mimi naipenda, ila siyo ya mtu anayetafuta usingizi. Na mwezi wa sita kuna ile sherehe ya waridi la petali tano, mji unajaa watu waliovaa nguo za kale, vyumba hakuna. Lakini dada anakuja mwisho wa wa tano, katikati ya wiki akichagua vizuri atapata mji ukiwa na nafasi. Hluboká ni pazuri ila lile ni jumba peke yake, Krumlov unalala ndani ya mji wenyewe.

Dada ukipata nusu siku ya ziada pita Rožmberk nad Vltavou, kilometa 25 hivi juu ya mto, ndiko ukoo ule ulikochukulia jina. Kuna hadithi ya Bibi Mweupe, Perchta, mtoto wa Rožmberk aliyeolewa mwaka 1449 na Jan wa Liechtenstein akateswa kwenye ndoa, na barua zake alizowaandikia nyumbani kwao kuomba msaada zipo mpaka leo. Watu wanasema anatokea kwenye makasri ya ukoo wake, akivaa glovu nyeupe ni habari njema, akivaa nyeusi ni msiba. Mamangu nilipomsimulia kwa simu aliniuliza tu hizo barua walizijibu?

Nanyuki_Kwetu

Naongezea moja ambayo kwa sisi Wakenya inagusa. Huyo Schwarzenberg wa mwisho kumiliki Krumlov, Adolf, yeye na mkewe Hilda binti wa Luxembourg walikuwa na shamba Kenya, Mpala, huku kwetu Laikipia, walilinunua miaka ya 1930. Mimi nimekulia Nanyuki na Mpala nilikuwa naijua kwa jina tu, mahali pa wanyama na watafiti. Siku nasimama kwenye ule uwanja wa kasri mtu ananiambia habari hiyo nikabaki nimeduwaa. Manazi wakamnyang'anya mali zake 1940 kwa sababu hakuwaunga mkono, vita ikaisha akadhani atarudishiwa, serikali ya Czechoslovakia ikapitisha sheria maalumu 1947 ikachukua kila kitu. Akafa Italia 1950. Mzee wa watu aliyekuwa na vyumba mia kadhaa Ulaya, akafia ugenini.

Na walioishi mjini ndio hivyo hivyo, wengi walikuwa Wajerumani wa kule, vita ikaisha wakafukuzwa karibu wote, nyumba zikakaa zinabomoka miaka na miaka. Mkitembea mkaona rangi mpya nzuri nzuri mjue sehemu kubwa imerudi baada ya 1989, na UNESCO waliuweka kwenye orodha yao ya urithi wa dunia 1992.

BintiNgamiani

Jamani sina la kusema, Mungu awalipe. Nishabuki usiku mbili badala ya moja, Jumanne na Jumatano, chumba cha chini wamenijibu kwa maandishi kama dada Nesi alivyosema. Mkongojo nimenunua leo. Nitaleta mrejesho.

BintiNgamiani

MREJESHO. Wakuu tumerudi salama, mama yuko hapa sebuleni analala, nimepata nafasi ya kuandika.

Njia ya Strážný ni kweli kabisa, tulisimama Horní Planá mama akashuka akanawa uso kwenye ziwa akasema maji yake hayana chumvi yana usingizi. Stika nilinunua na funguo mkononi. Polisi walitusimamisha tukirudi Ujerumani, pasipoti zilikuwa kwenye mkoba wangu, dakika tano tukaondoka.

Siku ya kwanza tumefika saa tisa mchana, watu wengi, mama akaniangalia tu hakusema kitu na mimi roho ikanidunda nikasema nimekosea. Tukaingia gesti tukaswali tukalala kidogo. Saa moja jioni tukatoka na nawaambia ule mji ulikuwa umebadilishwa. Tulikaa ukingoni kabisa, mama akaletewa pstruh mzima na kichwa chake, akamgeuza akamwangalia macho kama anavyowaangalia pale Deep Sea sokoni Tanga, akasema huyu kavuliwa leo. Akala akamaliza na mifupa akaipanga pembeni ya sahani.

Kasri tulipanda Jumatano mapema, kupumzika kila uwanja. Chini ya daraja la kuingilia kuna handaki wanafuga dubu, dubu mmoja alitoka akalala juani chali. Kwenye uwanja wa tatu kuta zote mnaona ni mawe yamechongwa na sanamu zimesimama kwenye vishubaka, mama akasogea mpaka pua karibu iguse, akarudi ananiambia mwanangu huu ni ukuta laini, wamechora. Ni kweli, yote ni rangi tu tangu karne ya 16. Tangu hapo kila jengo tuliloingia mpaka Prague lazima aende karibu ahakikishe kama ni jiwe au wamechora.

Ndani tuliona gari la dhahabu la Eggenberg la mwaka 1638, lilipeleka zawadi za Kaizari kwa Papa, likatumika kwenye msafara ule mmoja tu. Mama alisikitika sana kuhusu hilo, akasema na farasi walilishwa miezi yote hiyo. Tamthiliya Mkilindini umesema kweli, mdogo wangu ni fundi seremala, alitoka kule chini ya jukwaa hawezi kuongea, alikuwa anahesabu zile kapi. Jioni akanunua daftari akaanza kuchora anavyokumbuka kwa sababu picha walikataza, amejaza kurasa kumi na moja. Wale wawili walipanda mnara wakatupungia mkono, sisi tukiwa chini kwenye benchi.

Kwenye lile daraja la Plášťový mama alikaa. Dada Nesi, sikumwambia habari ya mama yako. Aliangalia chini muda mrefu halafu akaniuliza makaburi yao yako wapi, maana kila alipotazama ni nyumba tu na mto. Nikaulizia gesti, wakanielekeza makaburi ya mji yako nje. Akasema basi sawa.

Goti lilivimba kidogo usiku wa pili, tukaweka barafu, asubuhi likawa sawa. Mkongojo hakutaka kuushika mpaka pale pa kushuka kutoka bustanini, hapo akaunyakua mwenyewe na mkono wa kushoto. Sasa anauliza kama anaweza kuondoka nao kwenye ndege. Anayejua anijibu, ndege yake ni Alhamisi.

Nesi_wa_Wien

Anaondoka nao mdogo wangu, mkongojo wa kutembelea wanauruhusu kuingia nao ndani ya ndege, mwambie tu wakimwambia aupitishe kwenye mashine ya ukaguzi aupitishe watamrudishia. Na omba kiti cha safu ya mbele upande wa korido, mguu wa kulia upate pa kunyooka, kila saa moja na nusu asimame atembee. Msalimie sana.